Tarehe ya Kuokoka

Mwalimu Bartolomayo Ndahani ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, si mbali na kanisa letu, na tangu utoto wangu nimemwona amekaa palepale, tepu shingoni, miguu ikikanyaga cherehani hata anapozungumza na mtu. Lakini jina la mwalimu hakulipata kwa kushona. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha kwaya yetu, na sidhani kama yupo mtu wa rika langu pale mtaani anayejua kushika sauti ambaye hakupita mikononi mwake.

Noti aliziandika kwenye karatasi za kaki alizokatia vipimo vya nguo, kwa hiyo nyimbo zetu nyingi zina umbo la mkono wa shati au la kola. Ukigeuza karatasi unakuta ameandika, "Mama Mudrick, kiuno 38." Mtu akiteleza alisimamisha kwaya nzima, akamtazama kwa huruma, akasema, "Rudi nyumbani kwako. Umelala kwa jirani." Tulimwogopa, na hakuna aliyekosa mazoezi.

Siri yake niliijua mwaka niliomaliza chuo. Nilikuwa nimesoma falsafa hapahapa Dodoma, nikapata kazi ya muda kwenye masjala ya wizara moja kule Mtumba. Jumamosi moja nilimpelekea sketi ya kupunguza, nikakaa kwenye benchi lake nikisoma. Akauliza kitabu kinasema nini. Nikamwambia kinahusu watu wasioamini Mungu. Nilitegemea anikemee. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Na wao wanaimba?"

"Sijui, mwalimu. Kitabu hakisemi."

"Mimi naimba," akasema.

Hakukuwa na msiba uliomfikisha hapo, wala ugomvi na mchungaji yeyote. Aliniambia kwamba miaka kadhaa nyuma, akiwa anampima bwana mmoja shingo, alikumbuka kuwa hajaomba tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, na kwamba hakuna kilichopungua. Akangoja hofu ije. Haikuja. Akaandika kipimo cha shingo na kuendelea na mabega.

"Kwa hiyo unajua kwamba Mungu hayupo?" nikamuuliza.

"Aa, nijuaje? Kwetu Haneti mvua ikichelewa wako wanaopanda kavu. Ardhi vumbi, wingu hamna, mtu anafukia mbegu. Mimi sijui kama mvua itakuja. Naweza kuapa haitakuja? Siwezi. Lakini sipandi. Jembe langu liko ukutani."

Nilifurahi mno siku ile. "Hata mimi, mwalimu," nikamwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa mtu. Kisha nikaanza kumweleza mambo ya vitabuni. Watu hudhani agnostiki ni mtu aliyesimama katikati ya njia, kati ya muumini na asiyeamini, lakini kujua ni swali moja na kuamini ni jingine. Asiyeamini ni ateisti. Asiyedai kujua ni agnostiki. Mtu anaweza kuwa vyote viwili, wala hajipingi. "Wewe ni vyote viwili," nikamwambia.

Alirudia maneno hayo polepole. La pili lilimsumbua ulimi. "Majina mawili kwa mtu mmoja, tena mwembamba hivi!" akacheka. Nilidhani nimempa kitu kizuri. Mpaka siku ile alikuwa ameishi na jambo lake bila jina, na halikuwa limemdhuru yeye wala mtu mwingine.

Januari iliyofuata tulipata mchungaji mpya, Mchungaji Fabian, mtu wa utaratibu. Akaagiza kila kiongozi wa kikundi ajaze fomu. Swali la nne lilikuwa: Tarehe uliyookoka. Kwetu hilo si swali la ajabu. Waliookoka huikumbuka tarehe hiyo kama watu wengine wanavyokumbuka siku ya kuzaliwa, na akisimama mmoja kutoa ushuhuda ndiyo anayoanza nayo. Mimi nilikuwa katibu wa kwaya, fomu zilipitia kwangu. Mwalimu akaniletea yake ikiwa imejazwa yote isipokuwa hapo.

"Weka ile ya kipaimara," akasema. "Mwaka sabini na tisa, Septemba. Tarehe siikumbuki, weka yoyote."

Ningeandika tarehe yoyote, leo angekuwa mbele ya kwaya. Badala yake nikamwambia, "Mwalimu, lakini huo si uongo?"

Akaitazama fomu. "Ni uongo."

"Na mwenyewe husema mwimbaji asiimbe asichokijua."

"Husema." Akaivua tepu shingoni, akaikunja. "Sasa tuandike nini?"

Jibu nilikuwa nalo tayari, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nililichapa kazini kesho yake, mistari mitatu: Sina tarehe ya kuokoka. Mimi ni ateisti kwa kuwa siamini kwamba Mungu yupo, na ni agnostiki kwa kuwa sidai kujua kwamba hayupo. Naomba kuendelea kufundisha kwaya. Mwalimu aliisoma ile karatasi mara mbili. "Imekaa vizuri," akasema, kama anavyosema nguo inapomkaa mteja, akatia sahihi, nami nikaibana kwenye fomu yake.

Nami kama katibu nilitakiwa kujaza fomu yangu. Niliandika: 19 Agosti 2012. Siku hiyo palikuwa na mkutano wa injili, nilikuwa kidato cha kwanza, nikanyoosha mkono kwa sababu rafiki yangu Debora aliyekuwa kando yangu alinyoosha wake. Mama yangu ni kiongozi wa umoja wa akina mama. Nikajiambia wakati wangu bado. Mwalimu ni mtu mzima, nikajiambia, wazee wanamheshimu, atastahimili. Nikatia fomu zote mbili kwenye bahasha moja, nikampa mchungaji.

Mwalimu aliitwa Jumapili baada ya ibada ya pili, ofisini kwa mchungaji. Nilikuwepo kuandika muhtasari. Mzee Obedi, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, alisoma karatasi akiwa ameishika mbali na macho.

"Mwalimu, hii uliandika umekunywa?"

"Sijanywa, mzee."

"Ungekuwa umekunywa ingekuwa nafuu. Mwanamke je? Huna hata mmoja wa nje?"

"Kwa magoti haya?"

Wakacheka, hata mchungaji. Lakini Mzee Obedi hakuwa anamdhihaki. Kanisa letu linajua la kufanya na mtu aliyeanguka. Anatengwa miezi kadhaa, kisha Jumapili moja anapiga magoti mbele ya watu wote, anatubu, anashikwa mkono, anarudishwa kundini. Nusu ya besi wetu wamewahi kupita njia hiyo, na wengine wameipita zaidi ya mara moja. Mzee alikuwa anatafuta mlango wa kumpitisha rafiki yake.

"Nipe dhambi, Bartolomayo," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Dhambi yoyote. Pombe ni miezi mitatu. Mwanamke ni sita. Unatubu, mavuno yakifika unatuimbisha. Hii yako haina miezi."

"Sijaanguka, mzee. Ni kwamba siamini. Na kujua nako sijui." Akaeleza habari ya kupanda kavu kama alivyonieleza mimi.

"Si ndiyo upande kavu!" Mzee Obedi akapiga meza kwa kiganja. "Mbegu zipo, sisi tupo, tutakushikia jembe. Unadhani ni wangapi humu kanisani walioona wingu?"

"Nimepanda kavu miaka mingi, mzee. Mbegu zimeniishia."

 Mchungaji akaigeuza ile karatasi upande wangu na upande wa wazee, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Maneno haya si yako, mwalimu. Ateisti. Agnostiki. Nani amekufundisha?"

Kalamu yangu ilisimama. Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni yangu," akasema. "Sahihi hiyo ni yangu."

Nikaandika: Mwalimu amekiri kuwa fomu ni yake. Muhtasari ule bado ninao. Mwandiko umenyooka, huwezi kujua kama aliyeandika alikuwa na jambo. Ilihitajika sentensi moja fupi, "Niliandika mimi," nami sikuisema siku ile wala Jumapili iliyofuata.

Hakuna aliyemfukuza. Waliamua aache kufundisha, aje kusali kama watu wengine. Nafasi yake akapewa Geofrey, kijana mpole mwenye kinanda. Jumapili ya kwanza mwalimu alikaa benchi la nyuma kabisa na mkewe, Mama Jenifa. Tulipoimba naye akaimba besi, kwa sauti ndogo, kama muumini yeyote. Tatizo ni kwamba sisi tulilelewa na sauti ile. Geofrey alituinulia mkono huku mbele, nasi tulikuwa tunangoja yule wa nyuma avute pumzi. Tukagawanyika katikati ya ubeti. Jumapili ya pili besi waligeuza vichwa kabisa, watu wakaanza kucheka. Ya tatu, baada ya wimbo, nilimwona Mzee Obedi amemwinamia, mkono begani, anamwambia jambo. Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Ya nne hakuja. Baadaye nilisikia kwamba hakukatazwa kuja. Aliombwa aje ila asiimbe.

Ilinichukua mpaka Juni kwenda kwao. Nilikwenda Jumamosi, kabla ya mazoezi. Mama Jenifa alikuwa mlangoni anabangua karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umeleta karatasi gani?"

Nikaubana mkoba wangu kwapani.

"Nyumba hii haina printa, Loisi," akasema bila kuinua macho. "Mimi sikusoma kama nyinyi, lakini hilo nalijua. Kila Jumapili naenda peke yangu. Wananiuliza, mzee mzima? Nasema mzima. Unajua kusema mzima kila wiki kunavyochosha? Haya, pita. Yuko ndani."

Mwalimu alikuwa anatia vifungo kwenye sare za shule. Amepungua, nikaona, ingawa alikuwa mwembamba tangu zamani. Nikamwambia nilichokuja kukisema: kwamba nitakwenda kwa wazee, niwaambie maneno yale niliyaandika mimi, na kwamba tarehe yangu ni ya uongo.

"Halafu?"

"Halafu watajua."

"Watajua. Watakutoa, mama yako atalia. Mimi watanirudisha?"

"Hapana, mwalimu."

Akatunga uzi kwenye sindano. "Sauti ya pili mko wangapi sasa?"

"Wanne. Debora ameolewa Singida."

"Wanne," akasema, kama mtu aliyeletewa kitambaa kisichotosha. "Nyamaza tu, mwanangu."

Nasema kweli, nilipata nafuu. Nilikuwa nimekwenda pale kuomba adhabu, akaninyima, na moyo wangu ukafurahi kunyimwa. Nilijiona hivyo na bado sikubadili neno. Sijawahi kumweleza hilo, ila nadhani aliliona usoni mwangu, maana hakunitazama tena mpaka alipomaliza kifungo.

"Ule wimbo wangu wa mavuno mnauimba mwaka huu?"

"Tunaufanyia mazoezi."

"Niimbie sauti yako."

Nikaimba mle ndani, mikono imeshika mkoba. Nilipofika kwenye "tumekuja mikono mitupu" akainua sindano.

"Hapo. Umeimba noti ya fa. Ni mi."

"Geofrey ndivyo alivyotufundisha."

"Geofrey alikosea kunakili. Mikono mitupu haipandi, inashuka. Tena."

Nikarudia mara tatu mpaka aliporidhika. Mara ya mwisho alinishikia besi chini kwa chini, mdomo karibu umefumbwa, na nje Mama Jenifa akaacha kubangua.

"Nenda kawarekebishe," akasema.

"Atauliza nani amesema."

"Mwambie umekumbuka."

Saa kumi nilikuwa mazoezini. Mimi si mtu wa kunyoosha mkono, lakini tulipofika mstari ule niliunyoosha, nikasema sauti ya pili tunakosea, ni mi, si fa. Geofrey akajaribu kwenye kinanda, akajaribu tena, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli, inakaa. Nani kakwambia?"



"Nimekumbuka," nikasema.

Akafuta kwenye karatasi yake, akaandika upya, akatuambia turudie tangu mwanzo.