Vipele vya Rangi ya Samli

Kipele cha kwanza kilitokea juu ya nyusi ya binti yangu alipokuwa na miezi sita, kidogo kama punje ya dengu, rangi ya samli inayoanza kuyeyuka. Wiki chache baadaye vilikuwa kumi na kimoja, usoni na shingoni. Yeye havikumsumbua. Alilala chini ya chandarua, Garissa nzima imezimwa na joto la adhuhuri, nami nikamtazama mpaka vipele vikaanza kuelea, kana kwamba uso wake ni maji na mtu amedondosha mafuta juu yake.

Daktari wa ngozi alikata kipande kidogo kikapimwa, akammulika macho, kisha akatamka jina la ugonjwa, refu kama barabara ya Modogashe. Chembe zinazolinda mwili, alieleza, zimekusanyika chini ya ngozi bila kuwa na adui. Si saratani, wala hauambukizi. Vitaisha vyenyewe, kwa mwaka mmoja, miwili, pengine zaidi.

"Na dawa?"

"Kungojea."

Nina shahada mbili, na bado niliona haya kurudi nyumbani na dawa hiyo. Nikapita dukani, nikanunua kopo la mafuta ya kujipaka, nikalibandua karatasi ya jina ili lipite kama dawa ya daktari. Nilikuwa na sababu. Mama yangu alikuwa amesafiri kutoka Wajir kwa ajili ya vipele hivyo, na nilimkuta kando ya jiko la makaa akichonga ncha ya kijiti. Nilikijua kijiti. Huchomwa mpaka ncha iwe kaa jekundu, kisha huguswa kwenye ngozi ya mgonjwa.

Alifungua kopo, akanusa.

"Hooyo," akaniita, yaani "mama", neno ambalo mama wa Kisomali humwitia hata mwanawe, "haya napaka miguuni."

Nikakiri. Nikamweleza chembe na adui asiyekuwepo, kwa sauti ninayotumia kwenye semina.

"Kwa hiyo umelipa daktari ili asifanye kitu. Inua shati."

Nikainua, mtu mzima mwenye kitambi. Akagusa alama tatu za moto juu ya kitovu changu.

"Uligeuka manjano. Nikakuchoma, ukapona."

"Ningepona tu, Hooyo. Watoto wengi hupona."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Nilikuwa na wiki tatu!"

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shali. Kisha kicheko kikakatika, vidole vyake bado viko tumboni mwangu. Nje, mbuzi wa jirani walikuwa wamelala wima, macho wazi.

"Ulilia," alisema, "mpaka sauti ikaisha. Mdomo ukawa wazi tu, hautoi kitu."

Hakuwahi kunieleza hilo. Binti yangu akageuka chini ya chandarua, akapiga chafya, akaendelea kulala.

Mama akakichukua kijiti, akakitia jikoni kizima kizima, akaweka birika la chai juu yake.

"Nitangoja," alisema. "Lakini nitangojea hapa hapa."

Akakaa hadi mvua zikapita mara mbili. Kila asubuhi alimshika mtoto kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango kama anayesoma mawingu. Siku moja akaniita nije nione: juu ya nyusi, pale kipele cha kwanza kilipokuwa, ilibaki alama ya hudhurungi hafifu, bapa, kama chai iliyokauka kwenye kikombe. Akapitisha kidole pale, mara mbili, taratibu sana.