Moshi wa Udi na Ubao wa Mavyaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa futikamba, nikaambiwa nivue viatu. Basi! Nilikuwa msichana niliyetoka Kaloleni na cheti cha darasa la nane, nikidhani nitaanza kwa kufagia maranda. Kumbe karakana ile ya useremala ya Mji wa Kale ilikuwa na mafundi hodari wasioweza kuingia vyumbani. Wanawake wakiwa peke yao juu, mwanamume hapandi ngazi. Kwa hiyo madirisha yao yalipimwa toka nje, kwa kukisia, na siku ya kuyatia yakagoma kuingia.

Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye penseli sikioni, akaniambia, "Kadzo, wewe ndiwe macho yangu ya ndani. Pima, kisha nipigie kelele dirishani. Usione haya, mtaa huu ushazoea kelele zangu."

Nami nilipiga kelele! Upana, kimo, unene wa fremu, bawaba zilizokula kutu. Miaka hiyo ya tisini kila nyumba niliyopima niliiota kuwa yangu, na mapazia nikayachagua kabisa kichwani.

Baadaye nilipelekwa Kizingo, kwenye majumba makubwa yenye mashine za kupoza hewa. Msimamizi wa huko, mtu wa bara aliyevaa tai hata juani, ndiye aliyenifundisha kioo. Dirisha la kioo lataka mpira, ule ukanda mweusi unaoziba ukingoni, na mlango ufunge sawasawa mpaka chini. "Baridi hii tumeinunua kwa bili ya stima," alikuwa akisema, "na wewe unaiacha itoke bure chini ya mlango?" Nikarudi Mji wa Kale nikiwa na hamu ya kutia kioo kila tundu.

Ndipo akaja Swaleh, karani wa bandarini aliyekuwa akiishi mtaa wa Buxton. Mamake, Bi Zuhura, alikuwa amezirai kwa joto chumbani mwake ghorofani. Swaleh alitaka madirisha ya kioo na mashine ya baridi. Ikishindikana, atamhamishia mamake Buxton baada ya Idi.

"Simfukuzi, Fundi," alisema. "Naogopa siku moja nitafungua mlango nimkute ameshakwenda."

Nilipopanda, Bi Zuhura alinishika mkono hata salamu hazijaisha. "Ndoo hapa, mwanangu. Nimezaa humu watoto wanne. Kule Buxton nitamjua nani mimi?"

Fundi Mkuu akaita toka chini, "Washa udi!"

Huo ulikuwa utaratibu wake. Kabla ya kuchagua dirisha, chetezo huwekwa katikati ya chumba, na moshi wa udi ukuonyeshe upepo unaingilia wapi na kutokea wapi.

"Waenda wapi?" akauliza.

"Hauendi, Fundi! Wazunguka tu huku juu darini!"

"Upepo una haya kama mkwe, hauingii usipoona pa kutokea. Tazama juu ya mlango!"

Juu ya milango ya kale huachwa nafasi yenye nakshi, hewa ipite. Pale palikuwa na ubao, umepigwa misumari na kupakwa rangi. Nikauliza ni wa nini. Bi Zuhura akajifunika uso kwa leso, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Huo ni ubao wa mavyaa wangu, mamake mume. Nilipoolewa alikuwa akilala chumba cha pili, akisikia kila tunalonong'ona. Asubuhi ananijibu! Mume wangu akaona aibu, akaziba."

"Na mavyaa yuko wapi sasa?"

"Makaburini, Mungu amrehemu. Umebaki ubao."

Nikaung'oa kwa nyundo. Moshi ukainama, ukapita juu ya mlango kama ulioitwa. Nilipiga kelele mpaka muuza kahawa akaitikia toka barabarani!

Swaleh hakuridhika. Madirisha nayo yalikuwa yameoza, yamegandishwa na rangi. Fundi Mkuu akashauri mapya ya mvule, yenye luva, yaani vile vibao vyembamba vya mlazo: ukivishusha vyazuia jua, ukivipandisha vyaita upepo. Na mlango mpya wenye luva juu, pahali pa ule ubao.

"Ikishindwa," akamwambia Swaleh, "nitakutilia kioo mwenyewe, au umchukue mama."

 Bi Zuhura alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Siku tuliyomaliza, Swaleh alikuja adhuhuri, jua la kuua. Stima ilikuwa imekatika mji mzima. Nikawaza mashine za Kizingo zilivyonyamaza na vioo vyake vimefungwa. Akakaa kwenye kitanda cha mamake, mikono kifuani, akingoja jasho. Mimi na Bi Zuhura tukangoja ukumbini. Nilijiona kama anayepimwa ni mimi.

Kisha tukasikia mkoromo.

Bi Zuhura akasukuma mlango taratibu. "Swaleh! Wataka kunihamisha, nawe wakoroma kwangu?"

Akashtuka, akapangusa mdomo, akatazama luva, akamtazama mamake. "Mama," akasema, "wewe kaa."

Sasa nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Vijana huniuliza wanunue kioo kipi, mpira upi. Nawajibu kwa furaha: chumba cha mashine kizibeni vizuri, chumba cha upepo kiachieni njia mbili. Lakini kwanza washeni udi, mwone.

Juzijuzi mwanangu alioa, akamleta mkewe nyumbani kwangu. Wiki haijaisha, bibi harusi akanijia jikoni, akichezea ncha ya leso, akaniuliza kama nina kibao chochote cha kuziba juu ya mlango wao. Nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka. Kumbe mavyaa ni mimi!

"Ubao hapana, mwanangu," nikamwambia. "Mtakufa joto."

Siku hiyo hiyo nikabeba godoro langu, nikahamia chumba cha upande wa pili wa nyumba.