Akaunti ya Mgeni

Nilikuwa sijatimiza miaka miwili tangu nimalize chuo Dodoma nilipopata kazi Bariadi, katika kituo kidogo cha msaada wa kisheria chenye vyumba vitatu, printa moja na kompyuta nne. Kazi yangu ilikuwa kuzitunza kompyuta hizo. Niliipenda kwa namna ambayo leo inanipa aibu kidogo, kwa kuwa niliamini kwamba anayelinda faili la mnyonge anamlinda mnyonge mwenyewe. Bado naamini hivyo, na ndiyo maana jambo hili haliniachi.

Faili lililostahili ulinzi kuliko yote lilikuwa rejista ya watoa taarifa. Ndani yake mlikuwa na majina, vijiji na namba za simu za watu waliotueleza kwa siri kwamba binti fulani anaachishwa shule aolewe, au mjane fulani ananyang'anywa shamba na shemeji zake. Nywila ya kulifungua walikuwa nayo watu watatu: mkurugenzi, mwanasheria na mimi.

Aliyepokea simu za watu hao hakuwa nayo. Alikuwa dada mmoja mzaliwa wa Lalago, karani wetu, aliyenizidi miaka kumi au zaidi. Aliandika maelezo kwenye karatasi, akamkabidhi mwanasheria, kazi yake ikaishia hapo. Lakini watu walimpigia yeye. Alizungumza nao Kisukuma bila haraka, akianza na habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, mpaka mtu afike mwenyewe kwenye jambo lililomfanya apige. Mimi ni mtoto wa Malampaka, lakini Kisukuma changu kilipotelea kwenye mabweni ya shule, naye, aliyeniita Ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma, hakuacha kunikumbusha.

"Ngosha, usiiguse hiyo simu," alikuwa akisema. "Mama wa watu akikusikia atadhani amepiga benki."

Msimu mmoja wa mvua umeme ulikatika wakati kompyuta moja ikiwa katikati ya kujisasisha, nayo haikuwaka tena mpaka nilipoijenga upya kwa siku tatu. Nilikasirika. Nikazima masasisho kwenye zote nne, nikajiambia kwamba ni kwa muda tu, hadi tupate betri ya kushikilia umeme. Betri haikuja. Kila kitu kilifanya kazi, nami nikaacha kulikumbuka.

Jambo jingine nililolifanya kwa nia njema. Bariadi ni mji wa ofisi, na watu wengi walikuwa wakiingia kwetu kuomba kuchapa barua. Nikafungua kwenye kompyuta iliyo karibu na printa, ileile iliyohifadhi rejista, akaunti niliyoiita "mgeni." Aliyeitumia aliweza kuandika na kuchapa, basi. Hakuweza kuona faili la mtu mwingine yeyote. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: mfumo endeshi humpa kila mtu cheo chake, na mwenye cheo cha chini hawezi kujipandisha.

Kisha asubuhi moja simu ililia, dada akapokea, na sikumsikia akiuliza habari za mifugo. Alisikiliza tu. Alipoiweka chini alikaa akiitazama.

Aliyepiga alikuwa mama wa Lalago aliyekuwa ametueleza, miezi michache nyuma, kwamba ukoo wa mumewe umekwisha kupokea ng'ombe wa mahari ya binti yake wa kidato cha pili. Ndoa ilikuwa imezuiwa, binti alikuwa anaendelea kusoma. Sasa ukurasa wa rejista yetu, wenye jina la mama huyo na maneno yake, ulikuwa umesomwa kwa sauti mbele ya mumewe na ndugu zake. Alikuwa amefukuzwa. Alipouliza karatasi imetoka wapi, alijibiwa kwamba imetolewa na mwenzao aliye ofisini, mtu wa hukuhuku Lalago.

Mkurugenzi alituita. Alikuwa mtu wa Tanga, mpole, asiyependa kumwaibisha mtu. Alianza na mimi.

"Kijana, faili lile linaweza kufunguka bila nywila?"

"Haliwezi, mzee."

"Hata kwa ujanja?"

"Haiwezekani."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyefaulu mitihani yake. Sikuwa nimekagua chochote. Mkurugenzi akamgeukia dada.

"Wewe ndiye unayekaa karibu na printa."

"Ndiyo."

"Na kwenu ni Lalago."

"Kwetu ni Lalago, na kaburi la baba yangu liko Lalago. Hilo ndilo kosa, mzee?"

Mkurugenzi alisema hamlaumu, ila ni vyema akapumzike nyumbani wakati jambo linachunguzwa. Dada alichukua kikombe chake, akakunja khanga aliyokuwa akiitandika kitini. Mlangoni alisimama.

"Haya, Ngosha. Kompyuta zako zibaki salama."

Wiki zilizofuata ofisi ilikuwa na mtu ambaye hakuwepo. Simu ya mezani kwake ilikuwa ikilia, nami ndiye niliyeagizwa kuipokea. Niliinua mkono wa simu na kusema jina la kituo. Upande wa pili nilisikia pumzi, wakati mwingine kuku, mara moja mtoto akilia kwa mbali. Kisha simu ilikatwa. Ilitokea hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuitambua pumzi moja na nyingine. Walikuwa wanamtafuta yeye, wananipata mimi, na wanaondoka.

Nilikuwa nasoma taarifa za kiufundi, kama desturi yangu, nilipokutana na tangazo la kasoro iliyogunduliwa katika kiini cha mfumo endeshi tuliokuwa tunautumia. Tiba yake ilikuwa imetolewa miezi mingi kabla, kwa yeyote ambaye hakuwa amezima masasisho.

Nitaieleza kama nilivyokuja kumweleza mama wa Lalago, ambaye hakuwahi kushika kompyuta. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama nyumba ya kupangisha. Programu inakuja, inapewa chumba, ikimaliza inahama, na chumba anapewa mwingine. Mwenye nyumba, yaani kiini, anapaswa kuhakikisha anayehama amerudisha ufunguo. Katika kasoro ile hakuhakikisha. Mpangaji wa zamani aliondoka na ufunguo mfukoni, na ndani ya chumba kilekile mwenye nyumba akaja kuweka daftari linaloonyesha nani ana cheo gani. Aliyejua hivyo alirudi, akafungua mlango, akajiandika kuwa mkubwa wa nyumba nzima. Baada ya hapo hakuna nywila iliyomhusu.

Nilikwenda kwenye kompyuta iliyo karibu na printa. Katika daftari la kawaida la shughuli, maandishi ya asubuhi moja nzima yalikuwa yamefutwa. Lakini kiini kina daftari lake jingine la kuandikia malalamiko, na hilo aliyeingia alilisahau. Mistari ilikuwa minne. Ilionyesha akaunti ya mgeni, hitilafu katika kumbukumbu, na papo hapo baada yake programu ileile ya mgeni ikitembea na cheo cha sifuri, ambacho ndicho cha juu kuliko vyote.

Niliikumbuka asubuhi ile. Alikuja mwanamume wa rika langu, shati limepigwa pasi, akaomba kuchapa barua ya maombi ya kazi. Karatasi zilikuwa zimekwisha kwenye printa. Nilimletea nyingine, nikamsogezea kiti, nikamtakia mafanikio. Alinishukuru mara mbili.

Ningependa kuandika kwamba nilinyanyuka wakati huohuo kwenda kwa mkurugenzi. Nilikaa kimya siku mbili. Katika siku hizo mbili nilimwona dada kila nilipoinua macho, pamoja na kwamba kiti chake kilikuwa kitupu na nilikuwa nimekisukuma mwenyewe hadi ukutani.

Siku ya tatu nilisema. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliponiambia haiwezekani," alisema, "hukuwa umetazama."

"Sikuwa nimetazama."

Aliandika barua ya kumsafisha dada na kumrudisha kazini. Niliomba niipeleke mimi.

Nilimkuta Lalago, uani kwa mama yake, akichambua pamba. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja.

"Barua nzuri. Ina muhuri. Sasa niwasomee wanawake wa mashineni? Nikifika na mahindi yangu wanahama foleni."

"Nipeleke kwa mama yule," nilisema. "Nitamwambia mwenyewe."

Mama huyo alikuwa amehamia kwa kaka yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha. Dada alipiga magoti na kumwamkia, "Mwadila, mayu." Hakujibiwa. Aliendelea kupiga magoti vilevile wakati wote nilipozungumza, akinitafsiria pale maneno yangu yaliponiishia. Nilieleza chumba, ufunguo, daftari. Nilieleza juu ya mtu wa shati la pasi, na mama akatikisa kichwa taratibu, kwa sababu alimfahamu: mtoto wa shemeji yake, aliyesomea kompyuta Mwanza. Ndiye aliyeileta karatasi.

Kisha aliniuliza kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa.

"Ulipowaambia wakubwa wako kwamba haiwezekani, ulikuwa unajua, au ulikuwa unadhani?"

"Nilikuwa nadhani, mama."

"Na huyu," alimwonyesha dada kwa kidevu, "akafukuzwa kwa kudhani kwako."

"Ndiyo."

Alikunja miguu yake. Kisha akaitikia ile salamu, kwa sauti ya chini, na kumwambia dada ainuke, vumbi litamchafua. Mimi hakuniambia kitu.

Njiani kuelekea barabarani nilidhani dada angelia, au angenitukana. Alikuwa anafikiri.

"Ngosha. Ni ukurasa ule mmoja tu uliotoka?"

"Ndio tunaoujua."

"Sikukuuliza mnaoujua."

Nilisimama. Kwa wiki zote zile nilikuwa nimefikiria ukurasa mmoja, mtu mmoja, kosa moja. Aliyekuwa na cheo cha sifuri kwa asubuhi nzima angeweza kuchukua rejista yote, akaiuza, akaigawa, au akaisahau kwenye simu yake. Daftari ambalo lingetujibu lilikuwa limefutwa.

"Sijui," nilisema.

"Basi lazima waambiwe. Wote. Na hawatakusikiliza wewe."

Alirudi nami Bariadi. Alisema mapema kwamba harudi kazini, anakuja kumaliza jambo, na mkurugenzi hakumbishia. Nilivuta kiti chake kutoka ukutani, nikafungua rejista na kumsomea namba, yeye akapiga. Kwa kila mmoja alianza na habari za nyumbani, za mifugo, za mvua. Kisha sauti yake ilishuka, akamwambia kwamba huenda jina lake nalo limetoka. Wengine walimshukuru. Mmoja alimuuliza sasa yeye akimbilie wapi, na dada alikaa naye kwenye simu mpaka wakapata jina la shangazi huko Maswa. Ilituchukua siku mbili.

Namba moja haikupatikana. Ni ya mwanamke wa kijiji cha mbali, ambaye hatukuwa na njia nyingine ya kumfikia. Tuliijaribu asubuhi, mchana na jioni, siku ya kwanza na ya pili. Mwanasheria alikwenda huko kwa bodaboda, akaambiwa familia hiyo imehama na ng'ombe wao, na hakuna aliyejua, au aliyekubali kusema, wameelekea wapi.

Dada aliondoka siku ya tatu. Kabla ya kuondoka alinakili namba ile kwenye karatasi mbili, akabaki na moja. Hatukukubaliana chochote. Lakini naipiga, na nina hakika kwamba naye anaipiga, na kila mara ni ile sauti ya mwanamke wa mtandao, yenye adabu, inayotuambia kwamba mtu tunayemtafuta hapatikani kwa sasa.