Abiria Aitwaye Veronika

Mama alifariki kabla ya safari yake ya matibabu Dar es Salaam. Tiketi niliyomlipia nikaighairi, na shirika la ndege likanipa salio la safari nyingine badala ya fedha. Baada ya kumzika Bukene, nikaona salio lisioze bure. Ningelitumia mimi kumpelekea dada yangu Monika, anayeishi Dar es Salaam, vitenge vya marehemu, maana alikuwa ametoka kwenye upasuaji na hakuweza kuja msibani.

Wakala wa tiketi mtaani Kanyenye alinionya. "Kaka, salio hili ni la jina la abiria. Halibadilishwi."

"Si nililipa mimi? Weka jina hilohilo, uwanjani nitaongea nao." Mimi hata chumvi sinunui bila kubishana.

Uwanjani, binti wa kaunta aliitazama tiketi, kisha ndevu zangu. "Shikamoo baba. Veronika ni nani?"

"Marahaba. Ni mama yangu. Tuelewane basi: jina lake, kiti changu."

Hakucheka. Mara simu yangu ikaita; alikuwa Monika. Nilikuwa nimesahau kwamba namba ya simu iliyo kwenye tiketi ni yake, kwa kuwa ndiye angempokea mama.

"Kaka," akasema polepole, "nimeletewa ujumbe kwamba mama anatua leo mchana. Sasa nimpokee nani?"