Mtoto Aliyeokotwa Jaani

Binti yangu ananiita mama mdogo, ingawa mtaa wetu wote wa Kasongo unajua kwamba nilimzaa mimi. Yeye mwenyewe anajua. Vijana waliosoma wakisikia habari hii hucheka, nami huwaacha wacheke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hao bado hawajazika mtu wao.

Nilizaliwa upande wa Kabambare, kwa Wabangubangu, nikaletwa Kasongo kuolewa katika nyumba ya Waislamu wa mjini. Ilikuwa wakati Wabelgiji wakilazimisha watu kulima pamba, hata aliyekuwa na njaa na shamba la mpunga alilima pamba kwanza. Nilikuja juu ya lori, nimekalia marobota, na sifa ya mdomo wangu ilikuwa imefika kabla yangu. Mama mkwe alinipokea vizuri, akanipa maji ya kuoga, kisha akaniambia kwamba mke mwenye maneno mengi watoto wake hawakai. Nilimchukia kwa neno lile. Lilipokuja kuwa kweli nilimchukia zaidi.

Wa kwanza alikuwa mvulana. Asubuhi moja nilikwenda naye kuteka maji, amelala mgongoni, na ukungu ulikuwa bado umelalia mto. Mwanamke nisiyemjua alikuwa ameinama juu ya mawe akifua. Bila kuinua kichwa aliniuliza, "Huyu mutoto muzuri iko wa nani?"

"Wangu miye," nikamjibu kwa majivuno, nikajaza mtungi wangu nikaenda zangu. Nilifika nyumbani ndipo nikajiuliza alijuaje kwamba ni mzuri, maana nilikuwa nimemfunika mtoto gubigubi kwa ajili ya baridi. Alishikwa na homa. Tulimzika kabla hajajua kutambaa.

Wa pili alikuwa msichana. Nilimpeleka dispansari kupimwa uzito, tukapanga mstari juani kama tulivyoamriwa. Nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo nilikuwa wa mwisho. Sauti ikaniuliza kutoka nyuma neno lile lile, kwa upole ule ule, na mimi mdomo wangu hauna breki. "Wangu," nikasema, kisha nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ua mtupu uliofagiwa, na juu ya mchanga hapakuwa na alama za miguu ila zangu. Yule naye hakumaliza msimu wa mvua.

Habari ya sauti sikumwambia mume wangu, maana angesema nimelia mpaka akili imechoka. Nilimwambia mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na mikono yake ikasimama.

"Na ulijibu?"

"Nilijibu."

"Na mara ya pili, ulijibu tena?"

"Ndiyo, mama."

Akarudi kwenye mchele wake. "Basi mutoto mwenye atakuja," akasema, "hatakuwa wako."

Watu wa pale wana njia yao ya kumficha mtoto, na wala si ya uganga. Anatupwa. Binti yangu alipozaliwa, kitovu hakijakauka, mama mkwe alimlaza katika ungo mkuukuu uliotoboka akaenda kumweka jaani nyuma ya nyumba, juu ya maganda ya mihogo na majivu. Nilikuwa nimekatazwa kutazama. Nilisikia tu kuku wakiparura karibu naye, nikauma kanga yangu nisipige kelele. Jirani yetu, mjane aliyekuwa akiuza vitumbua, alikuwa amechaguliwa kwa sababu hajawahi kuzika mtoto hata mmoja. Akajifanya anapita njia. "Ni nani alitupa hiki kitu hapa?" akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Akamwokota, akaja naye mlangoni kwangu.

"Mama, niliokota mutoto kule kwa jaa. Uko na maziwa? Uninyonyeshee."

"Lete," nikasema. "Nitakusaidia."

Ndivyo nilivyomnyonyesha binti yangu, kama mtu anayemsaidia jirani. Alilala kwangu, alikula kwangu, lakini alimwita mjane "mama" na mimi "mama mudogo". Alivaa matambara hata siku ya Idi, watoto wengine waking'aa. Mtu akiuliza ni wa nani, jibu lilikuwa la jirani. Sitaficha: nilimwonea wivu yule mjane, na vitumbua vyake nilivila huku nikisema havijaiva. Yeye alinivumilia. Mtoto akakaa. Alipita umri wa kaka yake, akapita umri wa dada yake, akaanza kukimbia na kutukana mbuzi kwa matusi yangu mwenyewe.

Mtoto wa namna hii hukombolewa. Jino la kwanza la utoto likidondoka, Idi inayofuata mama hupika, huita wanawake, na mtoto huvishwa kwa mara ya kwanza nguo mpya, iliyokatwa katika kitambaa kile kile cha mama yake. Anakaa kwenye mkeka wa aliyemwokota. Mama anamwita mbele ya wote: mwanangu. Mtoto anasimama, anavuka, anakaa kwenye mkeka wa mama, na kuanzia hapo ni wake. Neno ni moja tu. Nililingoja kwa miaka yote ile. Nilikuwa nikilisema peke yangu shambani, kati ya mistari ya pamba, kwa sauti ndogo.

Idi ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wanaume walirudi msikitini wamelowa, wakala wakaondoka, na mchana ukawa wetu wanawake. Nilikuwa nimepika wali na mbuzi, na sombe, majani ya mihogo yenye mawese mengi, kwa sababu mjane aliipenda. Kila aliyeingia aliosha miguu mlangoni, maana ua wote ulikuwa tope. Binti yangu alikaa kando ya mjane katika gauni lake la bluu lenye maua ya njano, mimi nimejifunga bluu ile ile. Alikuwa amefunga mdomo kuficha pengo, lakini macho yalikuwa yanacheka. Tulikuwa tumemfundisha: nikisema neno, avuke asikimbie.

Mama mkwe akanipa ishara. Mvua ikakatika, si kwa kupungua, ilikatika tu, na nyumba ikawa kimya kiasi cha kusikia maji yakidondoka kwenye majani ya paa.

"Huyu mutoto muzuri iko wa nani?"

Mwanamke aliyeuliza alikuwa amekaa karibu na mlango, amejitanda nguo nyeupe, sahani ya wali mbele yake haijaguswa. Sikuwa nimemwona akiingia. Miguu yake ilikuwa imenyooka juu ya mkeka, mikavu, ina vumbi, siku ambayo hapakuwa na vumbi popote Kasongo. Hakuwa anamtazama mtoto. Alikuwa anatazama kitambaa changu.

Wanawake wakatabasamu, walidhani swali ni sehemu ya sherehe. Wote wakanigeukia wangoje neno. Binti yangu alikuwa ameshasimama, ameshatoa mguu mmoja nje ya mkeka wa mjane.

"Sijui," nikasema. "Haiko wangu."

Nikaona mguu wa binti yangu ukirudi. Alikaa chini polepole, akashika pindo la gauni lake akalikunjakunja, akafumbua mdomo, na pengo likaonekana.

Mjane alikuwa mtu mwenye akili. Alimvuta kifuani akasema kwa nguvu, "Iko wangu miye. Nilimuokota." Nilipotazama mlangoni tena palikuwa na sahani tu, na wali wake ulikuwa baridi wakati wa wenzake bado unafuka.

Baadaye tuliulizana. Mjane alifikiri ni ndugu yangu wa Kabambare, wengine walifikiri amekuja na mjane. Mume wangu alikwenda kwa kapita, msimamizi wa mtaa, kwa sababu siku zile hakuna aliyetoka eneo lake bila karatasi ya njia, na mgeni alionyeshwa kwanza kwa kapita. Kapita alisema hajapokea mgeni yeyote. Kwa mvua ile hata lori halikufika. Mume wangu akasema pengine ni mama mmoja wa shamba aliyefuata harufu ya mbuzi. Pengine. Lakini wali hakula.

Nilimsihi mama mkwe tungoje Idi kubwa tufanye tena. Alikataa. "Siku ya kukomboa," alisema, "mudomo wa mama ukikataa, umekataa. Ukimuita kesho, utakuwa umemupa ule mwanamuke jibu." Akanishika mkono, yule mama mkali, akalia. Mimi sikulia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimeumwa mara mbili.

Kwa hiyo binti yangu aliolewa akitokea nyumba ya mjane. Mahari ilipokelewa kule. Alipojifungua, mjane ndiye aliyemkanda kwa maji moto, mimi nikabeba kuni. Kila Idi alikwenda kwanza kule na sahani iliyofunikwa, kisha akaja kwangu na iliyobaki.

Mjane alikufa katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nyumba ilijaa wanawake wa kila upande, wa mjini na wa mashambani, nyuso nyingi sizijui. Binti yangu alitambaa katikati yao mpaka nilipokuwa nimekaa, akaweka kichwa chake mapajani mwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama amekufa," alisema. "Sasa nimebaki na nani? Uniite. Mara moja tu, uniite."

Wanawake wakageuka kutusikiliza. Nilizitazama zile nyuso, moja baada ya nyingine, na ambazo sikuzijua zilikuwa nyingi kuliko nilizozijua.

"Pole sana," nikamwambia. "Mungu amurehemu mama yako."

Alilia mpaka mwili mzima ukatetemeka juu ya miguu yangu. Nilimsikiliza akivuta pumzi, akiitoa, akivuta nyingine, na moyo wangu ukafurahi.