Kasuku wa Buluu Ndani ya Stoo

Juzi nilipita sokoni Bungoma, nikamkuta mama mmoja akipepeta wimbi kwenye ungo. Upepo ukayabeba makapi, yakanijia usoni na ile harufu yake ya vumbi na jua, nami nikasimama katikati ya njia na mfuko wangu wa sukuma wiki. Yule mama alidhani nataka kununua, akashika kopo lake la kupimia, akaniuliza animiminie gorogoro ngapi. Nilisema moja, nikaondoka na wimbi ambalo sikulihitaji. Singeweza kumweleza mtu nisiyemjua kwamba makapi yake yamenikumbusha ndege niliyemuua, na msichana niliyemtendea ubaya zaidi ya huyo ndege. Ninyi nitawaeleza, maana sijamweleza mtu mwingine yeyote.

Tuliishi Kitale miaka hiyo, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la mbegu ambako Baba alikuwa karani. Nilikuwa darasa la tano. Bosi wa Baba alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia Baba kizimba cha waya chenye kasuku wawili, wale wadogo ambao mmoja anatosha kwenye kiganja. Dume alikuwa wa kijani na pua yake ilikuwa buluu. Jike alikuwa wa buluu na pua ya kahawia. Baba alielezwa habari za pua mara moja tu na bosi, lakini sisi alitueleza kila mgeni alipokuja, akiwa ameinua kidole kama mwalimu wa sayansi. Mama alikiweka kizimba sebuleni juu ya kabati la televisheni, akakitandikia kitambaa alichokishona kwa mkono wake, na kuanzia siku hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya watu wenye ndege.

Kazi ya kuwatunza nilipewa mimi. Kila asubuhi nilibadilisha gazeti la chini, nikaosha kikopo cha maji, nikaweka wimbi na mtama. Baba alinisisitizia jambo moja mpaka nikalichoka: ndege hawa hubangua mbegu na kuacha makapi palepale ndani ya kikopo, kwa hiyo kikopo kinaweza kuonekana kimejaa na kumbe hakuna chakula hata punje moja. Ni lazima upulize. Nami nilipuliza kila siku, makapi yakanirudia machoni na puani, nikaingia darasani nikipiga chafya.

Nasimiyu alikuja kukaa nasi mwaka huohuo. Alikuwa mtoto wa dada yake Baba, na mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla. Alikuwa na miaka minane. Ndugu yake mdogo, Wanjala, aliyekuwa na miaka sita, alibaki Kanduyi kwa nyanya yetu, kukhu. Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba wakiwa pamoja wanaliliana tu, afadhali kila mmoja akae kwake mpaka wazoee. Mama alikubali. Hata mimi niliona ni jambo la maana, ila sikuelewa kwa nini wa kuletwa kwetu awe msichana, na kwa nini alale kitandani mwangu na kuvaa gauni langu la Krismasi.

Sikumpenda. Sitatafuta maneno ya kupamba. Alikojoa kitandani, aliongea polepole, na alikuwa na tabia ya kusimama mbele ya kizimba saa nzima akiwatazama wale ndege wakichokoana manyoya ya shingo. Siku moja alinionyesha kwa kidole.

"Huyu ni mimi," alisema, akionyesha wa buluu. "Na huyu wa green ni Wanjala."

"Wanjala akae kwa kizimba, si atajaza choo hapo ndani," nilimjibu, nikacheka peke yangu.

Sasa mjue kwamba nilikuwa nimejisifu shuleni. Niliwaambia wasichana watatu wa darasa letu kwamba kasuku wetu anasema jina langu. Hakusema chochote. Kila siku baada ya shule nilibandika mdomo kwenye waya nikamwambia "Rozi, Rozi, Rozi" mpaka mate yakanikauka, naye akanigeuzia mgongo akaenda kumlisha mkewe. Wale wasichana walisema watakuja Jumamosi kumsikia. Ningeonekana mwongo, na mwongo katika darasa letu alipewa jina, na jina lilimfuata mpaka darasa la nane.

Wiki hiyo alitutembelea Anko Situma, ndugu yake Baba, kutoka Ndalu. Anko Situma alikuwa mtegaji wa kware. Alifuga kware wa kuita, kila mmoja kwenye kikapu chake cha fito, akavitundika vikapu kimoja juu ya kingine kwenye mlingoti mrefu kando ya shamba. Alfajiri waliita, kware wa porini wakasikia wakaja, wakanasa kwenye vitanzi alivyotega nyasini. Alimtazama kasuku wetu kwa jicho la mtu wa kazi huku akimaliza chai yake.

"Rozi, huyu hawezi ongea," alisema. "Anakaa na bibi yake, ataongea na wewe ya nini? Mimi kware yangu naweka kila moja kikapu yake. Anasikia mwenzake lakini hamuoni. Hapo ndio analia, bana, mpaka unashangaa sauti inatoka wapi."

"Kwa hivyo niwatenganishe?"

"Si utenganishe tu. Bibi umuweke karibu, lakini asimuone."

Alicheka, Mama akacheka, mimi sikucheka. Jioni hiyohiyo, Jumatano, nilimtoa jike nikamtia kwenye kreti kuukuu ya soda niliyoizungushia waya, nikamwingiza stoo, chumba kile cha mahindi kilichopakana na sebule. Mama aliuliza, nikamwambia ni maagizo ya Anko. Baba alikuwa safarini kwa kazi mpaka Jumamosi.

Anko hakukosea. Alhamisi asubuhi dume alianza kuita. Si ile minong'ono yao ya kila siku. Aliita kwa sauti kali, akanyamaza akiwa ameinamisha kichwa kusikiliza, na kutoka stoo jike akamjibu. Akaita tena. Akakimbia upande huu wa kijiti na upande ule, akapanda waya kwa mdomo akashuka, akaita. Mama alisema nyumba imepata redio. Nami nilifurahi sana, nataka mlijue hilo. Niliketi kwenye kochi nikisikiliza nikaona kwamba mambo yangu yanakwenda vizuri.

Niliporudi kutoka shuleni mchana nilimkuta Nasimiyu amemleta jike sebuleni, ameisogeza kreti mpaka ikagusana na kizimba, na wale wawili wamebandikana pua kwa pua katikati ya waya. Wote watatu walikuwa kimya. Nilimpiga kofi. Nikamrudisha jike stoo, nikafunga kufuli, nikautia ufunguo kwenye uzi nikauvaa shingoni.

"Nilimpea maji tu, Rozi," alisema. "Unisamehe. Nimpee tu maji?"

"Nitampa mwenyewe."

Sikumpa. Alhamisi jioni nilikuwa na mazoezi ya netiboli, na Ijumaa tulikuwa na mechi. Ijumaa asubuhi nilichungulia kwenye kidirisha cha stoo, nikaona kikopo kimejaa mpaka juu, nikaenda zangu. Nimejaribu kujiambia kwamba nilidanganyika na yale makapi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikiyapuliza kila siku ya Mungu. Nilijua kikopo kilichojaa si kikopo chenye chakula, ila kulifungua kufuli ningechelewa mechi.

Nasimiyu aliniomba ufunguo Ijumaa jioni, mara mbili. Mara ya pili alipiga magoti. Nilimwambia anaharibu mafunzo ya ndege.

Jumamosi saa nne wale wasichana walikuja, wamepaka mafuta miguu yote kama waliokuja harusini. Dume aliita bila kupumzika. Sauti ilikuwa imekwaruzika kidogo. "Sikilizeni vizuri, anasema Rozi," niliwaambia, na kwa sababu walikuwa wamekunywa soda yetu, wakasikia Rozi. Mmoja alisema hata amesikia jina la Baba. Waliondoka wakinishika mkono, na mimi nikawasindikiza mpaka kwenye geti nikiwa na furaha kubwa kuliko ile ya mechi.

Nilipofungua stoo, jike alikuwa chini, chali, miguu imekunjwa. Kikopo cha maji kilikuwa kikavu kabisa. Nilipuliza kikopo cha chakula, na makapi yote yakapaa, chini hakukuwa na kitu. Upande wa pili wa ukuta dume aliita, akangoja.

Baba alikuwa arudi saa saba, naye aliwapenda ndege wale kuliko kitu chochote alichowahi kupewa bure. Mkanda wake niliujua. Niligeuka nikamwona Nasimiyu mlangoni. Hakulia. Aliinama akamshika ndege, akamlaza mkononi, akamnyoosha mabawa. Na hapo ndipo nilipopata wazo langu, na sijui hata leo lilitoka wapi kwa upesi hivyo.

Nilimwambia, "Nasimiyu, unataka kumuona Wanjala?"

Aliinua macho.

"Sema ni wewe ulimfungia ndege ukasahau. Baba atakasirika, atasema urudishwe Kanduyi. Utakaa na Wanjala."

"Watanirudisha kweli?"

"Kweli. Mama alishasema amechoka na kuanika magodoro."

Hayo ya magodoro yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo jingine nililolijua. Siku hizo Baba alikuwa amenunua simu ya mkononi, ile nene yenye antena, na ili apate mtandao ilimbidi asimame kwenye ua na kupiga kelele, kwa hiyo siri za familia zilijulikana mpaka nyumba ya tano. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimemsikia akikubaliana na kukhu kwamba Wanjala achukuliwe na jamaa wa baba yake, avushwe mpaka wa Lwakhakha, akaishi upande wa Uganda huko ndani wanakolima kahawa. Alikuwa ameshaenda. Nasimiyu hakuambiwa, kwa sababu angelia.

Nilijua, na nikamvua Nasimiyu woga kwa jina la Wanjala. Nikavua uzi shingoni mwangu nikamvisha.

Baba aliporudi, msichana yule wa miaka minane alisimama mbele yake akiwa ameshika ufunguo. Alisema, "Ni mimi, Khocha," maana ndivyo waitavyo wajomba kwao. "Nilimfungia nikasahau." Baba alimpiga. Mimi nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe, na nilihesabu viboko kwa sababu masikio hayafungiki. Kati ya kiboko na kiboko dume aliita. Mama alijua mimi ndiye niliyemwingiza jike stoo, lakini alipouona ufunguo mkononi mwa Nasimiyu hakuuliza zaidi, akasema mtoto huyu arudi kwa kukhu kabla hajafungia mtu. Ikaamuliwa Baba ampeleke Jumatatu.

Sijawahi kumwona mtoto akifunga mizigo kwa furaha vile. Alama za mkanda zilikuwa bado zimevimba miguuni, naye anaimba. Kabla ya kumzika jike nyuma ya choo alimng'oa manyoya manne ya buluu, akayakunja ndani ya karatasi ya daftari, zawadi ya Wanjala. Aliniachia gauni la Krismasi kitandani. Tena aliniambia asante.

Baba alirudi Jumanne, akatusimulia mezani huku akimega ugali. Alisema mtoto yule ni kichwa maji kabisa. Alipofika tu alikimbia akizunguka nyumba ya kukhu akiita, akaingia jikoni, akachungulia chini ya kitanda, akaenda mpaka kizimba cha kuku na kufungua. Walipomwambia Wanjala hayupo hakuamini. Aliendelea kuita mpaka sauti ikamwisha. "Ati kizimba cha kuku!" Baba alisema. Mama alitikisa kichwa akitabasamu. Nilikula ugali wangu wote.

Dume aliita wiki tatu hivi, kisha akaacha. Mama alifurahi, akasema sasa amezoea. Mwezi uleule kukhu alimwambia Baba kwa simu kwamba Nasimiyu ametulia siku hizi, hasumbui, hata kuongea haongei. Baba alikuja ndani akatuletea habari hiyo kama habari njema, nasi tuliipokea hivyo.

Nilipokua ndipo nilipokuja kuelewa tulichokuwa tukikisikia sebuleni kwetu. Tulikiita wimbo. Ndege yule alikuwa anauliza swali moja, na kwa siku mbili alijibiwa, kisha hakujibiwa, nasi tulikaa hapo tukinywa chai na kumsifu. Hilo nimelielewa siku nyingi. Ila kuelewa hakujanifanya mtu mwema, na ndiyo sababu sitaki mfunge ukurasa huu mkinihurumia.

Mwaka jana tulimzika kukhu Kanduyi. Nasimiyu alikuwepo, mama wa watoto wawili sasa, bado anaongea polepole. Alinionyesha mwanamume mrefu mwenye ndevu aliyekuwa akipanga viti, akasema huyo ndiye Wanjala. Walikutana tena wakiwa watu wazima, alisema, na siku hiyo ya kwanza ilibidi mtu awatambulishe. Kisha tukaketi pamoja kumenya viazi vya wageni. Alimenya viwili vitatu, na bila kunitazama akaniuliza.

"Rozi, ile siku ya ndege. Ulikuwa unajua Wanjala hayuko?"

Nilikuwa na kila nafasi. Tulikuwa wawili tu, moshi unatupita, na alikuwa ameuliza kwa upole, kama mtu ambaye amekwisha kusamehe na anangoja tu kuambiwa amesamehe nini.

"Hapana," nilisema. "Sikujua."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua kiazi kingine. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili.