Divai ya Mama Esther

Nikolao wa Kitangari alifikia umri wa kuitwa babu bila pombe kugusa ulimi wake. Msimu wa korosho ukifika, nyumba nyingi pale kijijini hukamua mabibo, matunda ya mkorosho, na kuyachachusha kuwa pombe ya uraka. Yeye mabibo yake aliwaachia majirani. Baba yake alikuwa mlevi. Mara nyingi Nikolao, akiwa mtoto, alitumwa na mama yake kwenda kumnyanyua njiani, na harufu ile haikumtoka puani mpaka uzeeni.

Kwa hiyo mkewe Rose, ambaye watu humwita Mama Esther, hakuwa na nia ya kumwomba chochote alipoitaja divai. Walikuwa wameketi wakibangua korosho za kula nyumbani, akakumbuka usichana wake, alipokuwa akiwapikia masista. Siku ya Pasaka walimmiminia divai kidogo kwenye glasi.

"Ilikuwa na ukakasi kama bibo," alisema, "lakini ukishameza, mdomo unabaki mtamu. Sijaionja tena tangu nilipoolewa."

Hakulalamika. Aliendelea kubangua. Lakini neno hilo lilimwingia Nikolao. Mwanamke huyu amezaa naye, amelima naye, amepanda na kushuka bonde akichota maji, na kitu alichokipenda amekiacha kimya kimya kwa sababu mumewe anaogopa pombe.

Siku chache baadaye akaaga kwamba anakwenda Newala kununua dawa ya mikorosho. Alipoipata, akalitafuta duka la vinywaji. Akalipita, akarudi, akalipita tena, ndipo akaingia. Muuzaji, dada mmoja aitwaye Flora, aliacha kufuta vumbi kwenye rafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nataka divai. Ya mke wangu," akaongeza haraka, kama mtu aliyeshtakiwa.

"Nyekundu au nyeupe?"

Nikolao akakodolea macho rafu.

"Tamu au kavu?"

"Kavu? Kwani si ya maji?"

Flora alicheka kwa adabu, akamweleza. Kavu ni ile ambayo sukari ya zabibu imekwisha wakati wa kuchacha. Nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana inakamata ulimi. Nyeupe ni nyepesi zaidi. Zile chupa zilizopangwa dirishani kama pambo akamkataza kabisa, maana jua limezipiga mno.

"Mama anapenda ya namna gani?"

Nikolao akarudia maneno ya mkewe vilevile, ukakasi wa bibo na utamu unaobaki mdomoni. Flora akashusha chupa mbili.

"Ukakasi utaupata kwenye nyekundu kavu, hii ya Dodoma. Lakini nikwambie ukweli, baba, akina mama wengi wanaikimbia. Chukua hii tamu."

Nikolao alizishika zote mbili, moja kila mkono. Mwishowe akairudisha ile tamu. "Yeye alianza kwa kutaja ukakasi," akasema.

Jioni, baada ya ugali, akaiweka chupa mezani. Rose aliigeuzageuza mikononi. Kizibuo hawakuwa nacho, ikabidi Nikolao asukume kizibo kwa mpini wa mwiko mpaka kikatumbukia ndani na divai ikamrukia kifuani. Akamimina kwenye kikombe cha chai, Rose akaonja.

"Siyo hii," akasema.

Nikolao akaichukua chupa, akaitazama upya.

"Ile ilikuwa nyeupe, Baba Esther. Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka uikute tu."

"Na uliingia dukani wewe mwenyewe? Mchana, watu wanakuona?"

"Jirani yetu Tahiri aliniona nikitoka na chupa. Alinisalimia, akageuza uso upesi."

Rose alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akanywa tena, polepole. "Lakini ukakasi upo," akasema. "Upo kweli."

Nikolao akasogeza kikombe chake. "Nitilie kidogo."

"Una hakika?"

Akanywa funda moja. Alikuwa akiingojea harufu ya baba yake, nayo haikuja. Kilichokuja ni uchachu uliomkunja uso mzima.

"Mnaipendea nini hii?" akauliza, na mkewe akamnyang'anya kikombe, akakimaliza.

Korosho zilipouzwa, walikwenda Newala pamoja. Safari hii Rose ndiye aliyesimama mbele ya rafu. Aliuliza, akashika chupa hii na ile, akaomba kusomewa karatasi zilizobandikwa chupani, na Flora hakumharakisha. Akachagua nyeupe, ya utamu wa wastani. Nikolao alikuwa kando yake na kikapu. Mzee mmoja wa kanisani kwao alipopita nje na kuwatolea macho, Nikolao ndiye aliyetangulia kumsalimia, kwa sauti ya juu.